Simu, daftari na daktari wa zamu ya usiku

Akina mama wenzangu wa kliniki huniuliza ninatumia programu gani ya simu kufuatilia hali ya binti yangu. Wengine hunionyesha zao: wamepakua tatu nne, wakajaza wiki ya kwanza, kisha wakaziacha. Niliahidi kuandika, na leo nimepata nafasi. Jina la programu yangu sitalitaja, kwa sababu kliniki yenu huenda ina nyingine, na kwa sababu ninachotaka kusema hakitegemei jina. Kumbukumbu za mtoto mgonjwa, ziwe kwenye simu au kwenye daftari la shule, faida yake kubwa ni kumsemea mtoto mbele ya mtu asiyemjua. Mengine ni nyongeza, na nyongeza nyingine ni mzigo tu.

Hapa binti yangu nitamwita Tima. Si jina lake, na sababu nitaieleza mbele. Ana miaka 8 na ana selimundu, sikoseli kama wengi wetu tunavyoiita. Tunakaa Kisauni. Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, na babake huendesha lori la kontena kutoka bandarini kwenda bara, kwa hivyo homa ikija usiku mara nyingi tuko watatu: mimi, Tima na mamangu.

Kwa asiyeujua ugonjwa huu, mtoto huurithi kwa baba na mama. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe yake ya urithi bila wenyewe kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa nao. Huku Pwani tuko wengi, kwa sababu kubeba chembe moja humkinga mtu na malaria kali, na malaria imekaa nasi karne nyingi. Seli nyekundu za damu zikipungukiwa na oksijeni hujikunja zikawa kama mundu, zikaziba mishipa midogo, na pale zilipoziba ndipo panapouma. Uchungu huo kila mtu ameusikia. Wasichokijua wengi ni kwamba bandama la watoto hawa hupoteza nguvu mapema, kwa hivyo maambukizi yanaweza kumwangusha mtoto kwa saa chache. Kwamba damu inaweza kunaswa ndani ya bandama ghafla, mwili ukabaki mtupu. Kwamba kifua kinaweza kubana usiku mmoja. Kwamba hata kiharusi kinaweza kumpata mtoto wa chekechea. Daktari humwona Tima mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Mambo hayo yakianza, yanaanzia sebuleni kwetu.

Sasa niwaeleze usiku ulionifanya niiamini kazi hii ya kuandika. Ilikuwa msimu wa Kusi, manyunyu na kijibaridi chetu cha mwezi wa saba. Tima alikuwa ameshinda amelala. Jioni mamangu akamfungua viganja, akavitazama chini ya taa, akanambia, "Mwanangu, huyu mtoto damu imemkimbia. Tazama mikono yake." Nikampapasa tumbo kama sista alivyotufundisha, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Siku zote bandama lake nalikuta kidole kimoja. Usiku ule lilikuwa vidole vitatu. Tukatoka na tuktuk.

Hospitali tuliyofika ilikuwa ya karibu, si ile ya kliniki yetu. Daktari wa zamu alikuwa kijana, mpole, yuko peke yake na foleni imejaa hadi nje. Kiwango cha damu, yaani hemoglobini, kikapimwa, kikatoka 5.3. Akanambia, "Mama, watoto wa sikoseli damu yao huwa chini. Tutamwekea dripu, tumpe dawa ya maumivu, asubuhi aonwe na mtaalamu." Maneno yake yana ukweli. Watoto wengi wenye selimundu huishi na damu ya 7 au 8, ilhali mtoto asiye nayo ana 11 au 12, na wao hucheza, husoma, hukua. Ila kawaida ya Tima ni 7 na nusu. Nikafungua simu nikamwekea mbele yake: vipimo vya kliniki vya mwaka mzima, 7.4, 7.2, 7.6, 7.4, na pembeni vidole vya bandama, kimoja, kimoja, kimoja. Akasoma bila kusema neno. Kisha akamlaza Tima chali, akampapasa mwenyewe, akainuka kwenda kuulizia damu ya kumwongezea usiku uleule. Damu ikishuka kwa 2 au zaidi kutoka kawaida ya mtoto, na bandama likawa limevimba, hiyo ndiyo dalili inayofundishwa ya damu kunaswa kwenye bandama, na haingoji asubuhi.

Simlaumu yule daktari. Namba 5.3 ikiwa peke yake haimwambii mtu jambo, mpaka ajue ilitoka wapi. Mimi kwa mdomo nilikuwa nimeshamwambia, lakini maneno ya mama aliyelowa mvua, saa nane za usiku, hayana uzito wa maandishi yenye tarehe. Ndivyo hospitali zilivyo. Nikiwa na mtoto mkononi sina wakati wa kubishana na hali hiyo, nataka tu kitu cha kuweka mezani.

Jambo la kinyume nalo limewahi kutokea. Safari nyingine, mahali pengine, waliona 7.3 wakataka kumwongezea damu mara moja, naye alikuwa amekuja kwa kikohozi, anaongea, anadai soda. Kumbukumbu zilezile zikaonyesha kwamba 7.3 ndiyo yake. Kuongezewa damu pasipo haja kuna madhara yake: madini ya chuma hujikusanya mwilini, na mwili unaweza kujenga kinga dhidi ya damu za watu, hata siku ya haja ya kweli ikawa vigumu kupata damu inayomfaa.

Ndiyo maana mzazi akiniuliza aanze wapi, humwambia aanze mtoto akiwa mzima. Programu nyingi zimetengenezwa kana kwamba zitafunguliwa siku ya ugonjwa. Zinauliza: unaumwa wapi, kiasi gani, tangu lini. Siku ya ugonjwa hiyo ni kazi ya daktari kuuliza. Asichoweza kukipata kwingine ni kawaida ya mtoto huyu: analala saa ngapi, anapumua mara ngapi kwa dakika akiwa usingizini, macho yake yana umanjano kiasi gani siku njema, oksijeni yake husimama wapi, bandama linafika wapi. Macho ya Tima ni ya manjano kidogo mwaka mzima. Mtu akimwona mara ya kwanza hushtuka. Mimi huwapiga picha yale macho mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, karibu na dirisha la jikoni asubuhi, ili picha zilingane. Sikuambiwa na programu yoyote. Lakini katika yote niliyonayo kwenye simu, picha hizo ndizo madaktari huzitazama kwa muda mrefu zaidi.

Kuna na suala la kuaminiwa maumivu, na hili ndilo linaloniuma mimi kuliko yote. Mtoto aliyezoea uchungu halii. Tima akifika 8 kati ya 10 hunyamaza, hujifunika shuka mpaka masikioni, huomba katuni. Mtu anayepita anaona mtoto anatazama katuni, anaandika "maumivu ya wastani". Kwenye programu yetu kuna nyuso sita, kutoka uso uliotulia, 0, hadi uso uliokunjamana, 10, na Tima hugusa mwenyewe. Sheria ya nyumba yetu ni kwamba simu ikiwa kwenye ukurasa ule, hakuna mkubwa wa kumsahihisha. Hata nyanyake akisema "lakini asubuhi ulikuwa unacheza," uso aliougusa unabaki. Chini yake mimi huandika nilichokiona: amejifunika, hataki kuguswa goti la kulia, ameomba katuni. Baada ya miezi, mambo hayo mawili yakisomwa pamoja, mtu yeyote anaona kwamba kwa mtoto huyu ukimya na katuni ni 8. Wahudumu wengine bado hutazama uso wa mtoto kuliko kumbukumbu. Lakini wengi wakiona ni mkono wa mtoto mwenyewe, wa miezi mingi, hubadilisha kipimo cha dawa.

Sasa kuhusu programu zenyewe. Nilipoanza nilisoma sana usiku, Tima akiwa amelala, nikitaka kujua wazo hili lilitoka wapi. Kufuatilia mtoto nyumbani hakukuanza na simu. Mnamo 2000, hospitali ya watoto ya Milwaukee, huko Wisconsin, Marekani, ilikuwa na watoto wachanga waliozaliwa na upande mmoja tu wa moyo unaofanya kazi. Hufanyiwa upasuaji wa kwanza wakiwa na siku chache, kisha husubiri miezi kabla ya wa pili, na katika kusubiri huko, nyumbani, wengi walikuwa wakifariki. Wazazi wakapewa mizani ya watoto, kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, na daftari. Wakaambiwa: oksijeni ikishuka chini ya asilimia 70, piga simu. Uzito ukipungua zaidi ya gramu 30 kwa siku moja, piga simu. Asipoongeza angalau gramu 20 kwa siku 3, piga simu. Kabla ya hapo, karibu watoto 16 katika kila 100 walikuwa wakifariki kati ya upasuaji mmoja na mwingine. Katika watoto 24 wa mwanzo waliofuatiliwa hivyo, kama ilivyochapishwa 2003, hakufariki hata mmoja katika muda huo. Miaka mingi baadaye, 2014, hospitali ya Children's Mercy ya Kansas City ikayaweka mambo hayo kwenye tableti, ikaiita CHAMP, namba na video za mtoto zikawa zinafika hospitalini siku ileile.

Gramu 30 jicho la mama halizioni, hata liwe na mapenzi kiasi gani. Lakini tazameni vilevile uchache wa maswali: matatu, na kila swali lina mpaka, na kila mpaka una la kufanya. Hakuna pahali ambapo mzazi ameachiwa aamue peke yake kama namba hii ni mbaya au si mbaya. Programu ya kwanza niliyopakua mimi ilikuwa na maswali yasiyokwisha kila jioni, hamu ya kula, furaha, choo, usingizi, nguvu, na mwisho ikachora mistari ya rangi nzuri. Mistari ile haikunambia hata siku moja niondoke nyumbani.

Kwa hivyo mipaka yetu tuliiweka na daktari wa Tima, mezani kwake, kwa kalamu, kisha nikaiingiza kwenye simu. Homa ya 38.5 au zaidi ni hospitali, hata akiwa anacheka. Kliniki nyingine huweka mpaka chini ya hapo, na wewe shika wa kliniki yako. Bandama likiongezeka vidole viwili, hospitali. Kupumua kwa kasi au kifua kuuma, hospitali. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kutatizika, hospitali bila kumeza kitu wala kungoja gari la bure. Maumivu ya 7 au zaidi yasiyoshuka baada ya dawa ya nyumbani na maji, hospitali. Mengine yote tunaandika na tunasubiri asubuhi. Mpango huo umenipa usingizi. Zamani kila joto la paji la uso lilinikesha.

Upande wa pili wa programu lazima kuwe na mtu. Hili nalisema kwa nguvu, kwa sababu naona vijana wetu wenye vipaji hapa Mombasa wanatengeneza programu za afya, wanaleta kliniki kuzionyesha, na swali hilo huwa halijajibiwa. Huko New York, katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, wagonjwa watu wazima 766 walishiriki utafiti ambapo baadhi yao waliandika dalili zao kwenye mtandao, na dalili ikizidi, muuguzi alipata taarifa. Matokeo yalitoka 2017: nusu ya walioandika waliishi zaidi ya miezi 31, kwa wengine ikawa 26. Kwangu mimi uzito wa habari ile uko kwa yule muuguzi aliyepokea taarifa akachukua simu. Kwetu sisi, sista mmoja husoma tulichoandika asubuhi za siku za kazi. Ijumaa jioni hadi Jumatatu hakuna anayesoma, na programu inaandika hivyo waziwazi ukiifungua: leo hakuna msomaji, ukiwa na wasiwasi nenda. Nauheshimu ukweli huo. Hatari ni programu inayokubali homa ya 39 Jumamosi usiku, ikakujibu "asante, tumepokea".

Maji yana ukurasa wake kwetu, kwa sababu mwili ukikauka, seli hujikunja upesi. Mnaoishi Kisauni mnajua habari ya maji: mfereji haujatoa, kisima ni chumvi, mitungi inaletwa kwa mkokoteni. Tima ana chupa yake ya nusu lita, na kila akiimaliza anagusa alama ya tone kwenye simu. Miezi ya Kaskazi, Februari na Machi, joto la kutuama, ndipo tunapohesabu kwa makini zaidi. Mwezi wa Ramadhani huwa na mtihani wake. Rafiki zake wa madrasa wanafunga, naye anataka. Hajafikia umri wa kulazimika, na daktari amekataza, lakini hoja hizo hazimpozi mtoto wa miaka 8. Alichokubali ni kukaa nami jikoni saa za alasiri kukanda unga wa mahamri, na kugusa lile tone mbele yangu, asifiche kama amekunywa au hakunywa. Na kuogelea, jamani. Kule ufuo wa Pirates maji ya jioni yakiwa na upepo, akitoka amekunja mikono anatetemeka, kesho yake miguu inauma. Hilo tumelijua kwa kutazama nyuma kwenye kumbukumbu, tukaona baada ya kila bahari ya jioni kuna uso uliokunjamana. Sasa anaogelea mchana, na kanga kavu inamsubiri.

Kile kifaa cha kidoleni tunacho pia, tulikinunua duka la dawa. Jueni mipaka yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mnamo 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi huweza kuonyesha oksijeni ya juu kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi, na kwamba upungufu uliofichika ulipatikana karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Mwaka uliofuata mamlaka yao ya dawa, FDA, ilitoa onyo. Kwa hivyo kikinambia 95 na mtoto anapumua kwa tumbo, nafuata tumbo. Wakati wa Idi, vidole vikiwa vimepakwa piko, tunapima kwenye kidole ambacho tumekiacha kitupu kwa ajili hiyo. Tima huchagua mwenyewe kidole cha kuachwa, na mpakaji wetu ameshazoea.

Mamangu hasomi kwenye simu. Anaona kwa shida na maandishi ni madogo. Lakini yeye ndiye anayeshinda na Tima, na yeye ndiye aliyeona viganja usiku ule. Programu ya kwanza haikuwa na pahali pake. Hii tuliyonayo ina kitufe cha kurekodi sauti, na kila alasiri Tima humshikia simu, naye anasema maneno yake. "Leo amekula uji, akaacha samaki. Mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi. Hakuuliza kwenda nje." Sista aliniambia zile rekodi za nyanya ndizo anazozianza kuzisikiliza. Kama unatengeneza programu ya watoto wagonjwa wa Pwani na hujaweka sauti, nenda kaiweke kwanza, kabla ya rangi na michoro. Na ifanye kazi bila bando. Bando huisha, stima hupotea, na homa haina habari.

Sasa sababu ya kumficha Tima jina. Ana miaka 8 leo. Baada ya miaka kumi na kitu atakuwa msichana wa watu, atataka kazi, ataposwa. Mnajua maneno ya mitaani kuhusu nyumba yenye "watoto wa damu". Nimeona katika kundi la WhatsApp mama anatuma picha ya karatasi ya maabara, jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, hospitali, kila kitu, akiuliza tu kama damu ya 6.8 ni mbaya. Watu zaidi ya mia wamo humo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na habari za mtoto hazifai kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi wake na bila kulinda maslahi ya mtoto. Maana yake una haki ya kuuliza kabla ya kubonyeza "nakubali": zinahifadhiwa wapi, nani anazisoma, nikitaka zifutwe nimwendee nani. Mimi nilimuuliza sista, naye akaniletea karatasi. Programu ambayo hakuna binadamu wa kuijibia maswali hayo, nimeifuta. Na Tima akifika miaka 18, kumbukumbu zote ni zake, azibebe au azichome.

Kabla ya kila kliniki natoa ukurasa mmoja tu, nachapisha pale kwa jirani mwenye saiba, shilingi chache. Juu: kawaida yake. Katikati: yaliyobadilika tangu mara ya mwisho. Chini: siku alizokosa dawa. Tima yuko kwenye haidroksiyurea, kidonge cha kila siku cha kupunguza makali ya selimundu, na mimi kila mara huwakumbusha wenzangu kwamba sehemu ya ushahidi wa dawa hiyo kwa watoto wa Afrika ilitoka hapa karibu, Kilifi. Ni utafiti ulioitwa REACH, uliofanyika pia Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda kwa watoto 606, ukachapishwa 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua. Lakini ni dawa inayotaka damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu inaweza kushusha seli nyeupe. Daktari akijua ni siku zipi kidonge kilikosekana, anajua kama aongeze kipimo au aongee na mama. Kwetu kilikosekana wiki ile duka la dawa halikuwa nacho, na karatasi ilisema hivyo, kwa hivyo hakuna aliyeongeza kipimo bure.

Kliniki ijayo nina jambo moja la kumwomba daktari. Tima amefikia pahali pa kupimwa tena mishipa ya kichwa kwa kile kipimo cha mawimbi ya sauti, kinachofanywa kila mwaka kuangalia hatari ya kiharusi, na nataka tuongeze swali la kichwa kwenye kumbukumbu za kila siku: je, kinauma, na mwalimu ameona mabadiliko ya mwandiko? Mwalimu wake amekubali kunipigia picha ukurasa mmoja wa daftari kila mwisho wa mwezi.

Wenye watoto wa moyo, wa kifafa, wa kisukari, niandikieni hapa chini. Nataka kujua mipaka yenu mmeandikiwa ipi na nani, na Jumamosi usiku nani hupokea simu yenu.